Sema Kwanza Ulipo
Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi kwa wananchi wa Wilaya ya Amudat, Uganda



Nimeombwa nizungumze juu ya simu za dharura, nami nitaanza na kosa letu sisi askari. Katika kituo kimoja nilichowahi kutumikia, kijana alipiga simu usiku: mwenzake ameanguka na pikipiki, anatokwa damu. Askari wa zamu akamwuliza jina, kijiji alikozaliwa, na jinsi ajali ilivyotokea. Kijana alipotaka kutaja mahali, mtandao ukakatika. Tulikuwa na habari zote isipokuwa mahali pa kwenda. Gari lilizunguka hadi alfajiri, na majeruhi hakutungoja.

Basi neno la kwanza liwe mahali ulipo. Mengine yatafuata ikiwa mtandao utaruhusu. Tena usituambie "karibu na mlima", kwa maana Kadam huonekana kutoka sehemu nyingi za wilaya hii. Sema: nipo barabara ya Amudat kwenda Karita, nimevuka mto mkavu wa pili, kisima cha pampu kiko kushoto. Dereva wetu atafika hapo hata gizani.

Namba ni 999 au 112, na hazitozi hata shilingi. Simu ikionyesha kwamba ni ya dharura tu, wengi hudhani imekufa. Sivyo: mtandao wako haupo, lakini simu imeona mnara wa kampuni nyingine. Piga 112.

Ninyi mnaolisha mifugo mpakani mna jambo la ziada. Simu zenu mara nyingi hushika mnara wa Kenya, na Kenya nao hutumia namba hizo hizo. Anayepokea huenda akawa askari wa upande wa pili. Usimkatie, mwambie mara moja, "Nipo Uganda, Wilaya ya Amudat," kisha utaje mahali. Aidha, iandike namba ya kituo chetu na ya mwenyekiti wako wa LC1 ikianza na +256, ipate kupita hata ukiwa kwenye mnara wa jirani. Hiyo hutoza, basi usimalize salio lote kwa salamu.

Pasipo mtandao, mmoja apande mwinuko na mwingine abaki na majeruhi. Sauti ikikatikakatika, tuma ujumbe mfupi kwa namba ya kituo. Maandishi hupenya pale ambapo sauti hushindwa.

Liko kosa ambalo naliona karibu kila ajali. Mtu akishatupigia, huanza kuwaarifu ndugu mmoja baada ya mwingine, na dereva wetu aliyepotea njia panda hukuta simu inatumika. Waacheni ndugu kwanza. Zimeni muziki na tochi, betri idumu, na simu ibaki wazi mpaka gari lionekane.

Askari wa zamu hapa wameagizwa kwamba swali lao la kwanza liwe "Uko wapi?" Akikuuliza jina kwanza, mkatize, umtajie mahali, hutakuwa umemkosea adabu.

Nitakaa chini ya mti ule hadi mnada uishe. Mwenye simu aje nayo tumwekee namba, na asiyejua kusoma tutamwonyesha kitufe cha kubonyeza.