Kumbukumbu ya Marehemu Daktari James Harry Sequeira, Mhariri wa Jarida la Waganga

Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu, Sotik



Halmashauri ilitutaka sisi makarani tulete mbele yenu maneno machache juu ya mtu aliyekwisha kufa, ambaye kazi yake yafaa kukumbukwa na chama kilichoundwa kwa ajili ya ustawi wa watu. Tumemchagua mtu ambaye wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Hakuwa wa kabila letu, wala hakuwa mtawala, wala hakujenga hospitali katika nchi hii ya chai. Kazi yake ilikuwa kupokea maandishi ya waganga wenzake, kuyasoma, kuyasahihisha na kuyapiga chapa yasipotee. Sisi ambao riziki yetu ni kalamu na daftari twaijua thamani ya kazi hiyo, nasi twaomba mtusikilize kwa subira.

James Harry Sequeira alizaliwa mwaka wa 1865 katika nchi ya Uingereza. Alisomea uganga katika hospitali kubwa iitwayo London Hospital, na tangu mwaka wa 1902 hata 1927 alikuwa daktari wa magonjwa ya ngozi katika hospitali hiyo hiyo. Siku hizo palikuwa na ugonjwa mbaya uliokula nyuso za watu maskini, nao waletwa na vijidudu vile vile vya kifua kikuu. Mgonjwa aliharibika pua na mashavu, akafichwa ndani ya nyumba asionekane na watu. Mganga mmoja wa Denmark, jina lake Niels Finsen, alikuwa amevumbua njia ya kuutibu kwa nuru ya taa yenye nguvu nyingi, na kwa kazi yake alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1903. Alexandra, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza, aliitolea London Hospital taa ya namna hiyo mwaka wa 1900, na Sequeira akawa miongoni mwa waganga wa kwanza wa Uingereza kuitumia. Watu walioona haya kutoka nje walirudi kazini na kanisani. Mwaka wa 1911 alitoa kitabu kikubwa juu ya magonjwa ya ngozi, na miaka ile ile akawa mhariri wa jarida la waganga wa ngozi wa nchi yake.

Alipostaafu mwaka wa 1927 alikuwa na umri wa miaka zaidi ya sitini. Wengi wafikapo umri huo hutafuta kiti na jua la asubuhi. Yeye alihamia Kenya, akashika kazi ya uhariri wa jarida la waganga wa Afrika ya Mashariki, akaifanya kwa miaka mingi ya uzee wake. Alikufa mwaka wa 1948.

Jarida hilo lilianzishwa mwaka wa 1923 kwa jina la jarida la waganga wa Kenya, kisha tangu mwaka wa 1932 likaitwa East African Medical Journal. Fikirini, wazee, hali ya mganga wa siku zile. Yuko peke yake katika boma la mbali, njia ni tope, mwenzake wa karibu yuko mwendo wa siku mbili. Aona homa ya namna asiyoijua. Ajaribu dawa moja, wagonjwa wafa. Ajaribu ya pili, wapona. Kama haandiki, ujuzi huo wakaa kichwani mwake, na siku ahamishwapo waondoka naye, na mganga ajaye huanza tena tangu mwanzo, juu ya miili ya watu wetu. Lakini akiandika, na kukawa na mhariri wa kumwuliza, “Wagonjwa walikuwa wangapi? Uliwapa kiasi gani? Wangapi walikufa?” basi kifo cha mmoja huwa funzo la kumwokoa mwingine. Kuuliza maswali hayo ndiyo kazi ya mhariri.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba na afya pia ni mali.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twafika mahali pagumu, wala hatutapazunguka. Mzee mmoja wa halmashauri, aliposikia jina tulilolichagua, alituuliza: “Je, huyu si mmoja wa wale waliopima bongo zetu?” Swali lake ni la haki, na kumheshimu marehemu kwa kuficha habari zake si heshima.

Ni kweli kwamba katika miaka ya 1930 walikuwako madaktari mjini Nairobi waliodai kwamba akili ya Mwafrika ni pungufu tangu kuzaliwa. Mmoja wao, H. L. Gordon, alikuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwingine, F. W. Vint, mchunguzi wa maabara ya serikali, alipima bongo za Waafrika waliokufa, akasema ni nyepesi kuliko za Wazungu na kwamba tabaka lake la juu ni jembamba. Jarida alilolihariri Sequeira lilichapisha maneno ya namna hiyo, naye mwenyewe mwaka wa 1932 aliandika katika jarida la British Medical Journal kueleza uchunguzi wa Vint kana kwamba ni jambo zito la elimu. Maneno hayo yalikuwa na madhara. Palikuwa na watu waliotafuta sababu ya kutotujengea shule, na hapa waliletewa sababu iliyovikwa joho la daktari.

Makosa ya hesabu ile yaeleweka hata kwetu tusiosoma uganga. Uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, na mwili hufuata chakula. Mtu aliyekufa hospitalini baada ya ugonjwa mrefu, aliyekuwa na njaa tangu utoto, hawezi kuwekwa mizanini pamoja na mtu wa nchi nyingine aliyeshiba, kisha tofauti iitwe ya kabila. Tena uzito wa ubongo hauonyeshi akili ya mwenye nao. Elimu ya baadaye imeyatupa madai hayo, na watoto wa nchi hii wameyajibu katika vyumba vya mitihani na katika maabara.

Basi kwa nini tumtaje kwa heshima? Twajibu hivi. Kwa sababu maneno yale yalichapwa, yakawekewa jina na mwaka, tumeweza kuyashika na kuyapima. Dharau isemwayo pembeni huenda na upepo, nayo hurudi na upepo, na haina mtu wa kuijibia. Dharau iliyochapwa yasimama hadharani kama mshitakiwa mbele ya kokwet, ishuhudiwe na kuhukumiwa. Sequeira alikosa hukumu katika jambo lile, na kosa lake limehifadhiwa na chombo kile kile alichokilinda.

Wala jarida hilo halikukosea siku za ukoloni tu. Mwaka wa 1990, Waafrika wenyewe wakiwa ndio waandishi, lilichapisha habari za dawa iitwayo Kemron iliyodaiwa kuwasaidia wagonjwa wa Ukimwi. Nchi nzima ilishangilia, na wagonjwa walitoka mbali kuitafuta. Majaribio yaliyofanywa baadaye katika nchi mbalimbali hayakuona faida iliyodaiwa. Tulihuzunika, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa na mtu aliyemtakia kupona. Lakini ni kwa kuandika na kupima tena kwamba kweli ilijulikana, hata wachunguzi wakaendelea kutafuta dawa zilizofaa, ambazo leo zawaweka hai watu wetu wengi.

Sasa twaomba turudi nyumbani, katika vilima hivi.

Wazee wanajua kwamba homa ya malaria katika nchi ya juu haina tabia moja na ile ya pwani au ya ziwani. Huko chini mtu huumwa na mbu mwaka mzima, na akiokoka utotoni mwili wake hujifunza kupigana. Huku kwetu baridi huizuia kwa muda, miili ikasahau. Kisha baada ya mvua za masika, joto likizidi kidogo, homa huingia kama mvamizi na kuwaangusha hata watu wazima wenye nguvu. Jarida la Sequeira na yaliyolifuata yamehifadhi habari za homa hiyo. Mwaka wa 1950, miaka miwili baada ya kifo chake, lilichapisha maandishi ya D. Strangeways-Dixon juu ya kuwakinga wafanyakazi Waafrika wa Kenya kwa dawa ya Paludrine. Mwaka wa 1957 lilichapisha historia ya malaria katika nchi ya Nandi, iliyoandikwa na A. T. Matson.

Na hapa ndipo penye jambo tulilotaka mlisikie kuliko yote. Hospitali ya mashamba ya chai ya Kericho iliandika wagonjwa wake wa malaria mwezi kwa mwezi. Wachunguzi wa miaka ya 1990 na iliyofuata walipotaka kujua kwa nini homa hiyo ilikuwa imerudi kwa nguvu, walifungua madaftari ya tangu mwaka wa 1966. Wengine walisema dawa ya klorokwini imepoteza nguvu. Wengine walisema nchi imezidi joto. Walishindana katika majarida makubwa ya dunia, na ushahidi wao ulitoka hapa, katika vitabu vya hospitali za majani ya chai. Serikali iliiondoa klorokwini katika nafasi yake ya kwanza mwaka wa 1998, na mwaka wa 2004 ikachagua dawa mpya ya mseto. Mama anayempa mwanawe dawa hiyo leo, akamwona akiamka siku ya tatu na kuomba uji, anakula matunda ya madaftari mengi.

Nani aliyaandika madaftari ya namna hiyo? Si maprofesa. Waliyaandika makarani, wauguzi na watu wa dispensari, wengi wao watoto wa vilima hivi, kwa kalamu iliyovuja na mikono iliyochoka, jioni foleni ikiwa bado ndefu. Majina yao hayakuchapwa katika jarida lo lote. Tumsifupo mhariri, yatupasa tuwasifu na hawa, kwa maana mhariri asiyeletewa hesabu hana cha kuhariri.

Lakini yako madaftari yaliyopata bahati mbaya. Tumeona kwa macho yetu vitabu vya wagonjwa vilivyoliwa na mchwa, vingine vilivyofungiwa sukari sokoni, vingine vilivyotupwa siku chumba kilipopakwa rangi. Katika vitabu hivyo mlikuwamo miaka ya maisha yetu: watoto waliozaliwa, wanawake waliokufa wakijifungua, msimu homa ilipoanza na kijiji ilimoanzia. Leo mtu akituuliza, “Mwaka ule wa mvua nyingi mlizika watoto wangapi katika kata hii?” twamjibu kwa kukisia. Akenda na makisio hayo kudai dispensari au neti, atarudishwa mikono mitupu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kama twataka kumheshimu marehemu huyu, pamoja na waandishi wasio na majina waliomfuata, tusiishie kusimama kimya kwa dakika moja. Twaleta mambo matatu mkutano huu uyafikirie.

Kwanza, chama kitenge fedha katika bajeti ya mwaka ujao kununua sanduku la chuma na rafu, ili vitabu vya zamani ambavyo dispensari zetu hazivitumii tena vihifadhiwe kwa ruhusa ya wakuu wao. Majina ya wagonjwa yawe siri, yasisomwe na mtu asiyehusika.

Pili, kila tawi lichague mtu mmoja mwaminifu, mwanamume au mwanamke, wa kuandika kila mwezi waliozaliwa na waliokufa, na homa kubwa zilipoanza. Asiandike asilolijua, na asipojua aache nafasi wazi.

Tatu, wazee wetu wakumbukao homa za miaka ya zamani waketi na vijana wetu wa sekondari, waeleze, na vijana waandike. Kila mzee azikwaye bila kuandikwa ni kitabu kilichokwenda na mchwa.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji uaminifu wa kila siku, ambao ni mgumu kuliko fedha. Sequeira aliianza kazi hii kwetu akiwa mzee wa miaka zaidi ya sitini, katika nchi ya ugeni. Sisi tuko kwetu, na wengi wetu tungali na macho ya kusoma bila miwani. Hatuna udhuru.

Tumeyasema haya kwa heshima, wala si kwa kuwafundisha wazee. Palipo na upungufu mtusahihishe, maana hiyo nayo ni kazi ya uhariri.