Je, Unga wa Kopo Hujenga Misuli?



Swali la virutubisho vya mazoezi hutufikia kwa namna mbili. Kijana huuliza: kopo lipi ni zuri? Mzazi wake huuliza: kopo hilo halitamdhuru mwanangu? Ni nadra kumpata anayeuliza lile lililopaswa kutangulia yote mawili, yaani kama kilichomo ndani ya kopo kinajenga misuli kweli. Leo tutaanzia hapo, na tutajibu kadiri ushahidi unavyoruhusu, hata pale ambapo jibu halitamfurahisha muuzaji wala mnunuzi. Wala hatusemi haya kwa mbali. Miongoni mwetu tuliotayarisha mazungumzo haya wapo wanaonyanyua vyuma jioni baada ya kazi, na wapo ambao makopo matupu yangali juu ya makabati yao.

Kwanza tukiri jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Wanunuzi wengi huona namba ya usajili au alama ya ubora kwenye kopo, wakadhani kwamba serikali imethibitisha kuwa unga ule humfanya mtu awe wa miraba minne. Sivyo. Dawa ya malaria haikubaliwi mpaka mtengenezaji aonyeshe kwa majaribio kwamba inatibu malaria. Kirutubisho cha mazoezi, katika nchi nyingi duniani, huhesabiwa kuwa aina ya chakula: huangaliwa usafi wake, viambato vyake na maelezo ya lebo yake, lakini mtengenezaji hadaiwi kuthibitisha kwamba kitamtunisha mtu mkono. Nchini Marekani, ambako makopo mengi hutoka au hudai kutoka, sheria ya mwaka 1994 huruhusu kirutubisho kuuzwa bila kibali cha awali cha mamlaka ya chakula na dawa, nayo mamlaka huingilia kati baada ya tatizo kujitokeza. Alama ya ubora ni jambo jema, ila haijibu swali letu la leo.

Basi ni nini kinachojibu? Mtu mwenye afya anayeanza kunyanyua vyuma, akala akashiba na akalala vya kutosha, huongeza nguvu katika miezi ya kwanza. Katika wiki za mwanzo nguvu hupanda hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha vizuri misuli iliyokuwapo tangu zamani. Sasa, kijana wetu mara nyingi hununua kopo lake la kwanza katika siku zilezile anapojiunga na jimu. Miezi mitatu ikipita anajitazama kwenye kioo, shati linambana mabegani, na sifa zote analipa kopo. Hakuna aliyemdanganya; ameona kwa macho yake. Alichokosa ni pacha wake aliyefanya mazoezi yaleyale bila kopo.

Watafiti humtafuta pacha huyo kwa kuwagawa watu katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Wote hufanya mazoezi sawa. Kundi moja hupewa unga unaochunguzwa, na jingine hupewa unga usio na kiambato hicho, unaofanana nao kwa rangi na ladha, bila wao kujua nani kapewa nini. Tofauti itakayoonekana baina ya makundi hayo ndiyo kazi ya kopo. Yaliyobaki ni kazi ya vyuma.

Kuhusu protini, mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja majaribio 49 yaliyowahusu watu 1,863, yote ya wiki 6 au zaidi. Waliopewa protini ya ziada walipata kwa wastani kilo 0.3 zaidi ya wenzao katika uzito wa mwili usio mafuta, na uzito mkubwa kabisa walioweza kuunyanyua mara moja ulipanda kwa takriban kilo 2.5 zaidi. Gramu mia tatu! Ni uzito wa nyanya tatu za wastani. Faida ipo, hatuifichi, lakini si ile iliyochorwa kwenye kopo. Tena ilikoma pale jumla ya protini ilipofika takriban gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Zaidi ya hapo misuli haikuendelea kukua.

Zingatieni neno jumla. Misuli haijui kama protini imetoka kwenye kopo au kwenye sufuria. Kijana wa kilo 70 anayenyanyua vyuma kwa bidii anahitaji takriban gramu 112 kwa siku ili afike kwenye kikomo hicho. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo mayai mawili yanampa 12. Glasi mbili kubwa za maziwa zinampa 16. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa vinampa 30. Kipande cha samaki cha gramu 150 kinampa gramu 30 na zaidi kidogo. Ugali wa robo kilo ya unga wa mahindi, ambao watu husema ni wanga mtupu, unampa 20 hivi. Jumlisheni, amekwisha kufika. Dagaa hatujawagusa, nao wakikaushwa vizuri karibu nusu ya uzito wao, au zaidi, ni protini.

Tunajua pingamizi lililopo: chakula hicho nacho kina bei, na si kila nyumba inayoweza kuweka samaki, maziwa na mayai mezani kwa siku moja. Ni kweli kabisa. Ila anayeshindwa kununua mayai hajasaidiwa na kopo. Chukueni bei ya kopo muigawe kwa gramu za protini zilizomo, kisha fanyeni vivyo hivyo kwa kilo ya maharage au ya dagaa wa soko la jirani, mlinganishe wenyewe. Protini ya kopo inamfaa mtu ambaye mlo wake umepungukiwa na hana wasaa wa kupika. Ambaye mlo wake umekamilika, kopo halimwongezei kitu cha maana.

Kreatini ina hadithi tofauti, na haki itendeke. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na ambacho hupatikana katika nyama na samaki. Kazi yake ni kuirudishia misuli nishati upesi katika juhudi fupi na kali, kama vile marudio machache ya chuma kizito. Mwaka 1992 watafiti walionyesha kwamba kuila huongeza akiba yake ndani ya misuli, na tangu hapo imechunguzwa kuliko karibu kirutubisho kingine chochote cha mazoezi. Inasaidia. Pamoja na mazoezi ya vyuma huongeza nguvu, na uzito usio mafuta hupanda kwa wastani wa takriban kilo moja zaidi ya mazoezi peke yake. Sehemu ya uzito huo, hasa katika wiki ya kwanza, ni maji yanayoingia kwenye misuli. Wapo pia ambao haiwasaidii. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha, na aina ya kawaida iitwayo kreatini monohaidreti, ambayo kwa kawaida ndiyo nafuu, haijazidiwa na zile zenye majina ya fahari. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Na yeyote anayeitumia amweleze daktari kabla ya kupimwa damu, maana huweza kupandisha kipimo cha kreatinini na kumfanya mtu mzima wa afya aonekane kama mgonjwa wa figo.

Baada ya hapo orodha yetu inakuwa fupi. Makopo ya BCAA huuza asidi amino tatu, ilhali misuli haijengwi mpaka zote tisa ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza ziwepo. Ni sawa na kumletea fundi saruji bila mchanga wala kokoto, na kumlipisha bei ya nyumba. Makopo makubwa ya kuongeza uzito, kwa sehemu kubwa, ni wanga na sukari. Uzito utaongezeka, lakini mkiupima kwa mkanda mtaukuta kiunoni. Unga unaonywewa kabla ya mazoezi huamsha kwa sababu ya kafeini, na kafeini kweli husaidia kidogo; tatizo ni kwamba kijiko kimoja cha baadhi ya bidhaa hizo huwa na miligramu 300, wakati mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inashauri mtu mzima asizidishe 200 kwa mara moja. Kisha kuna vidonge vinavyodaiwa kupandisha homoni ya kiume. Kiambato chao maarufu hutoka kwenye mbigili, ule mmea wa miiba unaotoboa miguu na matairi ya baiskeli. Wachezaji wa raga nchini Australia walipewa kwa wiki tano wakiwa mazoezini, na hawakuwapita wenzao waliopewa vidonge vitupu, si kwa nguvu wala kwa misuli.

Hivyo basi, kirutubisho halali kinachofanya kazi hufanya kazi kidogo na polepole. Hilo ndilo tunaloomba mlikumbuke mnapokutana na kopo lililofanya makubwa kwa upesi. Muuzaji husema, "Hili ni kiboko, tazama fulani alivyobadilika kwa wiki nne." Huenda asiwe mwongo. Fulani kabadilika kweli, na hapo ndipo pa kuogopa.

Miaka ya 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilinunua virutubisho 634 kutoka nchi 13 na kuvipima. Vilivyokutwa na homoni za jamii ya steroidi bila kutajwa kwenye lebo vilikuwa 94, yaani takriban vitatu katika kila ishirini. Nayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kati ya mwaka 2007 na 2016, iliorodhesha virutubisho 776 vilivyotiwa dawa kwa siri. Vya kujenga misuli vilikuwa 92, na katika hivyo 82 vilikuwa na steroidi za kutengenezwa au vitu vinavyofanana nazo.

Steroidi hujenga misuli, hatubishani. Pia huufanya mwili wa mwanamume uache kutengeneza homoni yake, korodani zisinyae, mbegu zipungue au zikome, na matiti yaote. Huharibu ini, hasa zile za kumezwa, na huulemea moyo. Kwa mwanamke, sauti huweza kuwa nzito na isirudi. Kwa kijana wa miaka 15 au 16 ambaye bado anarefuka, huweza kuifunga mifupa kabla ya wakati, akabaki na kimo alichokuwa nacho. Anayejidunga kwa makusudi angalau anajua alichokichagua. Tunayemhofia zaidi ni yule aliyedhani anakunywa maziwa ya unga. Kama ni mwanariadha wa mashindano, hasara ni mbili, kwa kuwa kanuni za kupambana na dawa haramu michezoni humwajibisha kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama lebo ilimdanganya.

Lebo yenyewe isomeni kwa jicho kali. Kipimo cha kawaida cha protini hakihesabu protini; huhesabu naitrojeni, kisha hukadiria. Mwaka 2008 nchini China wadanganyifu waliitumia nafasi hiyo kutia melamini kwenye maziwa, na watoto takriban 300,000 wakaugua. Kwenye unga wa mazoezi udanganyifu huwa mpole zaidi: hutiwa asidi amino za bei nafuu kama glisini ili namba ya protini ipande. Mkiona viambato vya namna hiyo vimetajwa juu kwenye orodha ya kopo linalodai kuwa ni protini, ulizeni. Mkiona "mchanganyiko maalumu wa kampuni" bila kiasi cha kila kiambato, liacheni. Kopo lenye kiambato kimoja na namba ya toleo inayosomeka ni afadhali kuliko lenye viambato thelathini. Ipo mipango ya kimataifa, kama Informed Sport na NSF Certified for Sport, inayopima virutubisho kutafuta dawa zilizokatazwa. Lakini nembo huigwa kwa urahisi, kwa hiyo hakikisheni bidhaa na namba ya toleo kwenye tovuti ya mpango wenyewe. Unga uliofunguliwa ukapimwa kwenye mifuko ya nailoni, hata ukiuzwa na mwalimu wa mazoezi mnayemwamini, hauna lebo ya kusoma wala toleo la kufuatilia.

Na ikiwa tayari mnatumia kitu, kisha chunusi nyingi zikatokea ghafla mgongoni, matiti yakauma au kuvimba kwa mwanamume, hedhi ikavurugika, macho yakawa ya manjano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acheni kukitumia siku hiyohiyo na mwende hospitali. Msione haya kumwambia daktari mlichokunywa. Akikosa kujua, atatafuta homa ya ini ya virusi na kupoteza siku. Kopo msilitupe. Lileteni kwetu pamoja na risiti kama ipo, hata likiwa limebaki vumbi tu chini, kwa maana kiasi kidogo kinatosha kupimwa, na namba ya toleo ndiyo itakayotuonyesha ni duka gani jingine lina makopo kama hayo.