Marubani na Mwamuzi: Nani Amchague?



Tumeombwa tuseme juu ya ugomvi wa mikataba ya kazi, nasi tumechagua kuusema kwa habari za marubani wa ndege za abiria. Twajua wapo kati yenu watakaocheka. Rubani ni mtu wa mshahara mnono, huvaa kofia ya nakshi na kulala katika hoteli nzuri. Ana taabu gani hata tupoteze jioni nzima kwa ajili yake? Jawabu letu ni hili. Mtu ambaye akiketi chini ndege haziruki, huyo ndiye Serikali na matajiri humtungia sheria kwanza. Na sheria hiyo ikiisha kutungwa, haimkamati yeye peke yake.

Kwanza tutenge maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Msuluhishi ni mtu aketiye kati ya tajiri na mfanya kazi, akawasikiliza, akawasogeza. Wasipokubaliana huenda zake. Mwamuzi ni mwingine. Huyu husikiliza, kisha hukata shauri, na neno lake hufunga pande zote mbili. Wako wenzetu wasemao kwamba mwamuzi ni dawa ya migomo yote. Sisi twasema hapana budi kuuliza kwanza ameingiaje mlangoni.

Tutazame Marekani. Mwaka 1931 rubani mmoja, David Behncke, na wenzake waliunda chama cha marubani wa nchi ile. Mwaka uliofuata tajiri E. L. Cord alipunguza mishahara ya marubani wake wa Chicago, wakaacha kazi, naye akaleta wengine. Chama hakikuwa na nguvu ya kumshinda uwanjani, lakini kilipeleka kilio chake mpaka Bungeni, Washington, nako kikapata watetezi, mmoja wao Fiorello La Guardia.

Ugomvi mkubwa ulikuja mwaka 1933. Ndege mpya zilikuwa zaenda kasi kuliko zile za zamani, na makampuni makubwa yalitaka kubadili namna ya kulipa. Fikirini. Rubani alipwaye kwa saa, ndege yake ikiongezwa kasi, safari ile ile aimaliza kwa saa chache, na mshahara wake wapungua. Amebeba abiria wengi zaidi, katika chombo kigumu zaidi, apata kidogo. Faida ya mashine yote yaingia mfukoni mwa tajiri. Wazee wetu waliokata mkonge Tanga hawahitaji kufundishwa jambo hili. Walijua kwamba ashikaye kipimo cha kazi ndiye ashikaye mshahara.

Marubani walitangaza kwamba watagoma. Ndipo shauri likapelekwa mbele ya Baraza la Kazi la Taifa, na tarehe 10 Mei 1934 Baraza likatoa uamuzi wake wa 83. Rubani alipewa mshahara wa msingi, juu yake malipo ya saa yanayopanda kwa kadiri ya kasi ya ndege, na juu yake tena malipo ya maili. Usiku ulilipwa zaidi kuliko mchana. Saa za kuruka hazikuruhusiwa kupita 85 kwa mwezi. Kasi ya mashine ikawa na fungu lake kwa mfanya kazi.

Lakini sikilizeni vizuri. Baraza lile halikuwa na nguvu ya kumlazimisha tajiri. Uamuzi ungebaki karatasi tu, kama chama hakingekwenda tena Bungeni, na mwaka ule ule wa 1934 sheria ya kuchukua barua kwa ndege ikasema kwamba kampuni itakayo fedha za Serikali za kubeba barua sharti ifuate uamuzi wa 83. Mwaka 1936 marubani wakaingizwa katika sheria ya kazi za reli, ambayo huamuru pande mbili zizungumze na kusuluhishwa muda mrefu kabla ya mgomo, lakini katika ugomvi wa mkataba mpya haimburuti mtu kwa mwamuzi asipokubali. Kwa hiyo uamuzi ule ulikuwa na miguu miwili: tishio la mgomo nyuma yake, na sheria mbele yake.

Sasa twende Kanada, tuone mwamuzi aliyeingia kwa mlango mwingine. Mwezi wa Machi 1912 haikuwako Air Canada. Twasema Machi 2012. Marubani wake, wapata elfu tatu, walikuwa katika ugomvi wa mkataba. Kabla hawajagoma, Bunge lilipitisha sheria ya haraka iliyopiga marufuku mgomo, ikampa Waziri kazi ya kumteua mwamuzi. Mwamuzi mwenyewe alifungwa mikono: hakuruhusiwa kuchukua nusu huku na nusu kule, bali achague karatasi moja nzima, ama ya kampuni ama ya marubani. Tena sheria ilimwambia atazame uzima wa kampuni kwa fedha. Marubani wengine wakapiga simu kusema ni wagonjwa, na safari zikavunjika hata hivyo. Mwezi wa Julai mwamuzi akachagua karatasi ya kampuni.

Hatusemi kwamba mwamuzi yule alikula rushwa. La. Twasema kwamba kampuni haikuwa na sababu ya kusogea hata hatua moja mezani, maana ilijua mgomo hauko. Na tazameni yaliyofuata mwaka 2024. Marubani wa kampuni ile ile, sasa zaidi ya elfu tano, walijitayarisha kugoma. Matajiri wakaililia Serikali iingie. Safari hii haikuingia upesi. Mwezi wa Septemba mapatano yakapatikana mezani bila mgomo, na mishahara ikapanda karibu asilimia 42 kwa mkataba wa miaka minne.

Haki itutake tuseme pia upande wetu. Wafanya kazi nao huweza kumkimbia mwamuzi waliyemwita wenyewe. Kampuni za US Airways na America West ziliungana mwaka 2005, na marubani wakabishana nani awe mkubwa kwa nani katika orodha moja. Kwa rubani orodha hiyo ndiyo ndege gani arushe, mshahara gani apate, na nani atangulie kuachishwa kazi zikipungua. Wa kwanza walitaka tarehe ya kuajiriwa ifuatwe. Wa pili walisema kampuni ya wenzao ilikuwa katika kufilisika na wengi walikuwa wamekwisha simamishwa kazi. Mwamuzi, George Nicolau, alitoa orodha mwezi wa Mei 2007, akawaweka waliosimamishwa chini. Wa kwanza, kwa kuwa walikuwa wengi, wakaking'oa chama cha zamani kwa kura mwaka 2008 na kuweka kipya. Kwa miaka mitano na zaidi marubani wa kampuni moja wakaishi chini ya mikataba miwili, wakishitakiana mahakamani, na tajiri akitazama.

Na kwetu Afrika Mashariki? Mwezi wa Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma wakidai mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona na mchango wa mfuko wao wa uzeeni. Mahakama ya kazi ilikuwa imekwisha kuusimamisha mgomo. Waligoma hata hivyo, abiria wakakwama, kisha wakarudi kazini tarehe 9 kwa amri ya Mahakama. Abiria hao walikuwa watu wetu, tusiwasahau.

Sisi hapa mwaka 1962 tulitunga sheria ya ugomvi wa kazi iliyoufanya mgomo kuwa karibu haramu, tukasema nchi changa haiwezi kupoteza siku za kazi. Sheria ya mwaka 2004 imerudisha haki hiyo baada ya siku thelathini mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Imewatoa watu wa huduma za lazima, nao waongoza ndege wamo. Marubani hawamo.

Wako wasemao nao waingizwe, kwa kuwa ndege ni mali ya taifa. Sisi hatukubali. Na ikiwa siku moja wengi watatushinda kwa kura, basi tutadai sheria yenyewe itamke kwamba Waziri, ambaye ndiye mwenye ndege, hamteui mwamuzi peke yake. Kwamba chama cha marubani kina sauti katika uteuzi huo. Kwamba vitabu vya hesabu vya kampuni viwekwe mezani mbele ya pande zote. Na kwamba uamuzi utolewe kwa siku zinazohesabika, umfunge tajiri kama unavyomfunga rubani.