Kilomita Moja kwa Dakika Ngapi?

Msikilizaji, mwishoni mwa Februari Moshi hujaa wakimbiaji. Kilimanjaro Marathon ipo tangu mwaka 2003, na kila msimu wake ukifika, vijana na wazee wanaulizana: umemaliza kwa muda gani? Mimi nataka tuulizane mapema zaidi: kilomita moja unaikimbia kwa dakika ngapi? Muda wa kumaliza unaujua mbio zikiwa zimekwisha. Kasi ya kilomita unaijua ungali barabarani, na bado unaweza kujirekebisha.

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya. Nusu marathoni ni kilomita 21.1. Anayetaka kuimaliza kwa saa 2 ana dakika 120. Gawanya 120 kwa 21.1, unapata 5.69. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wakidhani ni dakika 5 na sekunde 69. Dakika ina sekunde 60 tu! Ile sehemu ya desimali, 0.69, izidishe kwa 60, utapata sekunde 41. Basi kasi yake ni dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Kwenye uwanja wa mita 400, kilomita ni mizunguko miwili na nusu, kwa hiyo kila mzunguko auzunguke kwa dakika 2 na sekunde 16. Simu ya kitochi inatosha kumpimia.

Kwa hesabu hiyohiyo tunawaelewa mashujaa wetu. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, alikuwa akienda kilomita kwa dakika 2 na sekunde 21. Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hiyo ni takriban dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, mara 42! Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, na picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyowatenganisha.

Lakini huko Tokyo Simbu hakupandishwa kilima cha kuelekea Mweka. Hapa kwetu barabara inatoka mjini ikipanda katikati ya migomba na kahawa, na katika marathoni kamili kilima hicho kinakuja kipindi cha pili, miguu ikiwa imeshachoka. Wastani peke yake unadanganya huku. Chukua mtu ambaye tambarare anakwenda dakika 6 kwa kilomita. Anapanda kilomita 5 kwa dakika 8 kila moja, anashuka 5 kwa dakika 5 kila moja. Jumla ni dakika 65, wastani dakika 6 na nusu, na hakuna hata kilomita moja aliyoikimbia kwa kasi hiyo. Kilima kimemnyang'anya dakika 2 kwa kila kilomita, mteremko umemrudishia 1 tu. Akijilazimisha kupanda kwa ule wastani, atakata pumzi kabla hajaanza kushuka.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa hesabu wa shule za Moshi, watoeni wanafunzi darasani. Pimeni kilomita moja ya barabara inayopanda, mtie alama ya rangi mwanzo na mwisho, watoto waikimbie kwenda juu, kisha kurudi chini, wagawanye wenyewe. Nanyi mnaojiandaa kwa Februari, daftari la mazoezi liwe na safu mbili, ya kupanda na ya kushuka. Siku ya mbio, kilomita za mwanzo ziendeni kwa kasi mliyoipiga hesabu nyumbani, hata kama umati wote unawapita.