Kushiriki Darasani Nako Kupewe Alama
(Hotuba kwa kamati za sharika na wafadhili, Murusagamba)



Azimio la Musoma la 1974 lilitaka maendeleo ya mwanafunzi yapimwe muda wote wa masomo, si kwa mtihani wa mwisho peke yake. Lakini vijana wetu, waliokua na Kishubi, Kihangaza na Kiswahili, wakifika chuoni hukaa kimya, wakiogopa Kiingereza chao kuchekwa. Alama za kushiriki zikienda kwa wasemaji tu, hao ndio wanaoumia.

Tunawaomba wakufunzi watenge alama chache kwa swali lililoandikwa kabla ya kipindi na kwa mchango katika vikundi vidogo. Vigezo vitangazwe siku ya kwanza.

Nanyi mnaowalipia ada, wakirudi likizo msiulize matokeo tu. Waulizeni pia wameuliza nini darasani.