Oulu: Kutoka Pipa la Lami hadi Mawimbi ya Simu

Mji wa Oulu, ulioko kaskazini mwa Ufini pale mto Oulujoki unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Bothnia, uliasisiwa mwaka 1605 na Mfalme Karl wa Tisa wa Sweden, dola iliyoitawala Ufini wakati huo.

Utajiri wake wa kale ulitokana na lami ya msonobari, yaani utomvu mzito mweusi unaochuruzika mbao zinapochomwa polepole katika tanuri lililofunikwa udongo, ambao mafundi wa merikebu waliutumia kuziba mianya ya mbao na kukinga kamba zisioze. Wakulima wa bara waliteremsha mapipa kwa mashua ndefu nyembamba, wakiyakabili maporomoko ya mto.

Moto wa mwaka 1822 uliuteketeza mji, na mwaka 1854, wakati wa Vita vya Krimea, manowari za Uingereza zilichoma akiba yake ya lami. Hatimaye meli za chuma zikaififisha biashara hiyo.

Kilichouinua mji upya ni elimu. Chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1958 kiliwafunza wahandisi walioivutia teknolojia ya simu, na hapo ndipo Jarkko Oikarinen alipobuni IRC, programu ya mazungumzo ya maandishi, mwaka 1988.

Kuteuliwa kwa Oulu kuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya mwaka 2026 kunathibitisha kwamba mji uliopoteza bidhaa yake hauangamii, mradi uwekeze katika akili za watu wake.