Leseni Peke Yake Hailindi Samaki



Katika uvuvi wa biashara, leseni ni mapatano baina ya mvuvi na umma. Humwamuru mvuvi chombo cha kutumia, ukubwa wa matundu ya wavu, eneo na msimu wa kuvua, tena humtaka aandike daftarini kila anachokitoa baharini. Juu ya leseni zote huwekwa kikomo cha mavuno, yaani jumla ya tani ambazo wavuvi wote hawaruhusiwi kuzipita kwa mwaka. Katika karatasi utaratibu huo hauna kasoro. Yafaa basi kutazama yaliyotokea Newfoundland, mashariki mwa Kanada.

Maji baridi ya huko ni makao ya chewa wa kaskazini, ambaye si yule wa mwambao wa Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi wanavijiji walimvua kwa ndoana na mitego karibu na pwani. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja meli kubwa kutoka Ulaya, zenye kukokota nyavu na kugandisha samaki humo humo melini. Mwaka 1968 zilivuliwa tani zaidi ya 800,000. Mwaka 1977 Kanada ilipanua mamlaka yake hadi maili 200 za bahari, na wageni wengi wakaondoka. Je, samaki wakapata nafuu ya kudumu? La hasha! Makampuni ya nyumbani yalishika nafasi zao kwa meli za namna ile ile, safari hii zikiwa na leseni halali.

Kosa kubwa lilikuwa katika hesabu. Wataalamu walikadiria wingi wa samaki kwa kutegemea mno mavuno ya meli hizo. Lakini chewa wakipungua hukusanyika pamoja, na meli yenye mitambo ya kuwasaka huendelea kujaza nyavu. Aliyeona upungufu mapema ni mvuvi wa mashua ndogo, kwani samaki waliomfikia pwani walizidi kuwa wachache na wadogo. Katika miaka ya 1980 wavuvi hao walilalamika, lakini malalamiko yao hayakupewa uzito uliostahili.

Wataalamu walipogundua kosa, walishauri kikomo cha mwaka 1989 kiwe tani 125,000. Serikali, ikichelea viwanda kufungwa na watu kukosa kazi, iliweka tani 235,000. Tarehe 2 Julai 1992 Waziri John Crosbie hakuwa na budi kutangaza kuwa uvuvi huo umefungwa. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Mvuvi wa ndoana aliyetimiza kila sharti la leseni yake aliondolewa baharini sawasawa na mwenye meli. Katazo lililotarajiwa kudumu miaka miwili, ukiacha uvuvi mdogo ulioruhusiwa baadaye, liliondolewa mwaka 2024, na kikomo cha Kanada kikawa tani 18,000.

Ndugu, ajira zilizookolewa kwa tarakimu ya mwaka 1989 hazikudumu hata miaka minne. Mtumishi anayepanga kikomo hana budi kusikiliza mashua ndogo kama anavyosikiliza meli kubwa, na kukipunguza wakati bado kuna samaki wa kuhesabu. Naye mwalimu anayefundisha hesabu awafundishe vijana kuuliza: tarakimu hii imepimwa na nani, na kwa chombo gani?